Kinundu: neno moja kwa daktari, bwana shamba na mjiolojia

Mgonjwa anatoka hospitali na majibu ya CT scan mkononi. Katikati ya maneno mengi ya kitabibu ameshika sentensi moja tu: kinundu cha milimita 6 kwenye pafu la kulia. Akifika nyumbani analiandika neno hilo kwenye simu. Kwanza anakutana na saratani. Akishuka chini kidogo anakutana na mizizi ya maharage inayosifiwa kwa kuwa na vinundu vingi. Akiendelea anafika Bahari ya Pasifiki, ambako mawe meusi yaitwayo vinundu yamelala kilomita 4 hadi 6 chini ya maji na mataifa yanavutana juu yake. Usiku huo hapati usingizi, na sehemu kubwa ya hofu yake imetokana na kusoma maana tatu kana kwamba ni moja.

Kurasa zote alizopitia zinaweza kuwa sahihi. Madaktari, wanabiolojia na wajiolojia walilichukua neno hili kutoka Kilatini, nodulus, yaani fundo dogo, na vitabu vyetu vikaliita kinundu. Linataja umbo na basi: kitu kidogo, cha mviringo au kinachokaribia mviringo, kisichofanana na kile kilichokizunguka. Halisemi kimeundwa na nini, kimechukua muda gani, wala kama kipo kwa heri au kwa shari. Kila fani imeyajibu maswali hayo kivyake, na majibu yakishazoeleka ndani ya fani huingia kwenye neno lenyewe bila mtu kutangaza. Daktari akisikia kinundu huuliza kama kinakua. Bwana shamba huuliza kama kinafanya kazi. Mjiolojia huuliza kilianzia wapi, na kwa nini hakifanani na mwamba uliokibeba. Anayehamisha swali la mmoja na kulipeleka kwa mwingine hupotea, na kama tutakavyoona, waliopotea kwa njia hiyo hawakuwa wagonjwa na wakulima peke yao.

Hospitalini: kipimo kwanza, ugonjwa baadaye

Kwenye mapafu, kinundu ni kivuli cha mviringo kisichozidi sentimita 3 kwa upana. Kikizidi hapo hakiitwi tena kinundu, huitwa uvimbe, na uchunguzi wake huwa wa haraka zaidi kwa sababu uwezekano wa saratani hupanda kadiri ukubwa unavyoongezeka. Kwa hiyo neno hilo kwenye ripoti ni kipimo. Daktari wa mionzi ameona kitu, amekipima, amekiandika. Hajasema ni nini.

Daktari wa ngozi ana mpaka wake mwingine kabisa. Kilichoinuka kidogo, chini ya sentimita 1, kwake ni kipele. Kikubwa kuliko hapo na chenye mzizi ndani ya ngozi ndicho kinundu. Vitabu vingine huweka mpaka huo kwenye nusu sentimita. Maana yake kitu cha milimita 6 ni kinundu pafuni, na kwenye mkono wa mtu huyohuyo kinaweza kuwa kipele tu.

Katika nchi zetu kuna jambo ambalo mgonjwa mwenye ripoti anapaswa kulijua kabla ya kukata tamaa. Watu wengi wamewahi kuvuta bakteria wa kifua kikuu bila kuugua hata siku moja. Mwili ukiwakuta bakteria hao huwazungushia ukuta wa seli za kinga, na baada ya muda eneo hilo hugeuka kovu ambalo kalsiamu hujikusanya ndani yake. Miaka mingi baadaye picha ya kifua huonyesha nukta nyeupe inayong'aa. Hicho nacho ni kinundu, na kinachokionyesha ni vita ambayo mwili ulishaimaliza. Ndiyo maana daktari hutazama kama kalsiamu imejaa kinundu chote au imekaa katikati, jambo ambalo mara nyingi ni dalili njema. Hutazama pia kingo zake, kama ni laini au zina miiba. Huuliza umri, huuliza sigara. Juu ya yote huuliza swali ambalo wagonjwa wengi hushindwa kulijibu: una picha ya zamani?

Kinundu kigumu cha pafu ambacho hakijabadilika kwa miaka 2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa si cha hatari, kwa sababu saratani nyingi za mapafu huongezeka kwa kasi ambayo ndani ya muda huo ingeonekana. Hapa wakati wenyewe ndio unaopima. Eksirei ya miaka mitano iliyopita, ile iliyopigwa kwa ajili ya kazi au safari kisha ikatupwa juu ya kabati, inaweza kumwepusha mtu na sindano ya kuchukua kipande cha pafu. Nasihi kila familia ihifadhi picha hizo pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kwenye tezi ya thairoidi shingoni hali ni ya kutuliza moyo zaidi. Vinundu vya hapo ni vya kawaida mno, hasa kwa wanawake na kwa watu wazima, na ultrasaundi huvikuta hata kwa asiyelalamikia chochote. Zaidi ya 90 kati ya kila 100 si saratani. Kwenye nyuzi za sauti, vinundu ni aina ya sugu: walimu wa madarasa makubwa, wahubiri, waimbaji na watoto wanaopiga kelele mchana kutwa huvipata katikati ya uzi wa kulia na wa kushoto, pale zinapogongana kwa nguvu. Tiba ya kwanza ni mazoezi ya kutumia sauti vizuri. Mwimbaji aliyeambiwa ana vinundu kooni na aliyeambiwa ana kinundu pafuni wamepewa neno moja na habari mbili zisizohusiana.

Zaidi ya hapo, kuna vinundu ambavyo kila mwenye afya anavyo. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, una sehemu iitwayo nodulus inayosaidia kudhibiti mizani ya mwili. Kwenye vali ya mshipa mkuu utokao moyoni, kila kipande cha vali kina kinundu kidogo katikati ya ukingo wake, kinachosaidia vali kujifunga sawasawa. Hivyo viliitwa kwa jina la Giulio Cesare Aranzi, mwanaanatomia wa Bologna wa karne ya 16. Asiyekuwa navyo ndiye mwenye tatizo.

Kinundu kilichonivutia kuliko vyote vya kitabibu ni cha usubi, ugonjwa wa minyoo unaosambazwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Tanzania imekuwa nao katika maeneo ya Mahenge, Ruvuma, Tukuyu na milima ya Tanga. Chini ya ngozi, mara nyingi karibu na mfupa wa nyonga au mbavu, huonekana donge gumu lisilouma, linaloteleza kidogo ukilibonyeza. Ndani yake minyoo majike wamejisokota pamoja. Jike mmoja anaweza kufikia sentimita 50 kwa urefu akiwa mwembamba kama uzi, na huishi zaidi ya miaka 10. Wadudu wazima waliofungiwa humo hawana madhara makubwa. Madhara yanatoka kwa vilui wao, wachanga wasioonekana kwa macho, ambao hutoka kwa wingi kila siku na kutembea chini ya ngozi hadi kwenye jicho. Kuwasha kusikokoma na upofu ni kazi yao.

Kutokana na kinundu hicho ikapatikana mbinu ya kupima kijiji kizima. Mpango wa Afrika wa kudhibiti ugonjwa huo, ulioanza mwaka 1995, ulihitaji kujua ni vijiji vipi vipewe dawa bila kumkata kila mtu kipande cha ngozi. Wahudumu walichagua wanaume wazima 30 hadi 50 katika kijiji na kuwapapasa. Pale ambapo asilimia 20 au zaidi walikuwa na vinundu, jamii yote iliwekwa kwenye orodha ya kumeza ivermectin, dawa inayofahamika vijijini kwa jina la Mectizan. Dawa hiyo huua vilui na kwa kawaida haiwaui wazazi waliomo ndani ya donge, na ndiyo sababu inarudiwa mwaka hadi mwaka. Humo kinundu kilifanya kazi ambayo kwenye pafu hakiifanyi kamwe: kilizungumza kwa niaba ya watu wote wa kijiji, pamoja na wasio nacho.

Wafugaji wanakijua kingine, kile cha ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe, unaoletwa na virusi na uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hicho hakina tafsiri mbili. Ukikiona, mwite daktari wa mifugo.

Shambani: kiungo kilichojengwa na wawili

Ng'oa mche wa kunde au soya unaoanza kutoa maua. Usiuvute kwa nguvu, maana vinundu vitabaki udongoni. Chimba pembeni kwa jembe, inua donge lote, loweka kwenye ndoo mpaka udongo ulegee wenyewe. Utaona vidonge vidogo vilivyoshikamana na mizizi, vingine vimejikusanya karibu na mzizi mkuu. Chukua kimoja, kipasue kwa wembe. Kama ndani ni chekundu au cha waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado ni kichanga au bakteria waliomo hawafai. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimechoka na kinaelekea kufa.

Wekundu huo unatokana na protini ya jamii moja na ile iliyomo kwenye damu yetu, na kazi yake pia inahusu oksijeni. Mle ndani wanaishi bakteria wa jamii ya Rhizobium na jamaa zao, wenye kimeng'enya kinachoweza kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa kitu ambacho mmea unaweza kula. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78, lakini mahindi yanaweza kufa njaa yakiwa yamezungukwa nayo kwa sababu hayana njia ya kuivunja. Bakteria wanayo. Ila kimeng'enya chao huharibiwa na oksijeni, na bakteria haohao wanahitaji oksijeni ili wapumue. Ile protini nyekundu huishika oksijeni na kuipeleka kidogokidogo, kiasi cha kuwatosha kupumua bila kuiharibu kazi yao.

Hapa kinundu ni kiungo. Mzizi hutoa kemikali udongoni, bakteria wanaofaa huitambua na kujibu kwa kemikali yao, kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwakumbatia, kisha mmea huwatengenezea mrija wa kupita hadi ndani na kuanza kugawanya seli zake ili kuwajengea makao. Mmea hulipa kwa sukari, na malipo ni makubwa. Kwa hiyo haujengi vinundu ovyo. Ukikuta naitrojeni tele udongoni huacha kuvijenga, na ndiyo sababu mkulima aliyemwagia maharage yake yurea nyingi akija kung'oa hukuta mizizi mitupu. Udongo wenye tindikali kali au uhaba wa fosforasi nao huvizuia.

Ilichukua muda mrefu wataalamu kuelewa hivyo. Marcello Malpighi, daktari wa Italia wa karne ya 17, aliviona kwenye mikunde na kuviweka pamoja na mavimbe yanayosababishwa na wadudu. Kwa jicho la mtu aliyezoea miili iliyougua, uvimbe ulikuwa uvimbe. Jibu lilipatikana Ujerumani kati ya 1886 na 1888, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipoonyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo ndani ya vinundu. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe na kuwaotesha maabara.

Kosa la Malpighi bado linafanyika mashambani, na linafanyika pande mbili. Wapo wanaoona vinundu vya kunde na kudhani mche umeugua. Wapo pia, na hili ni baya zaidi, wanaoona mizizi ya nyanya imejaa mafundo na kufurahi wakidhani ni mbolea ya asili. Nyanya haina vinundu vya naitrojeni. Mafundo hayo ni ya minyoo fundo, viumbe wadogo wanaoingia ndani ya mzizi na kuufanya uvimbe huku wakinyonya chakula chake. Kwenye maharage vyote viwili vinaweza kukaa mche mmoja, na kuvitenganisha ni kazi ya vidole. Kinundu cha bakteria kimejishika ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Haliwezi kutoka bila mzizi kukatika. Kila bwana shamba anayefundisha kilimo cha mikunde angeanza somo lake hapo.

Vinundu vya namna hii havipo kwenye mikunde tu. Mvinje, ule mti wa pwani unaovuma kwa upepo, una vyake, na mpangaji wake ni bakteria wa aina nyingine aitwaye Frankia. Bamburi, karibu na Mombasa, palikuwa na machimbo ya mawe ya matumbawe kwa ajili ya saruji, pamebaki pamechanika, pana chumvi, hapana udongo. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti hapo na mvinje ukawa kati ya michache iliyokubali. Mti unaojitafutia naitrojeni hewani unaweza kuanza maisha juu ya jiwe tupu. Majani yaliyodondoka yalipokataa kuoza, akaleta majongoo wayasage, na udongo ukaanza kujengeka. Leo ni msitu.

Sasa ule mfano wa wanasayansi waliopotea. Kuna mimea ya jamii ya mbuni, hasa ya jenasi Psychotria na Pavetta, ambayo majani yake yana vidoa vyeusi vilivyoinuka. Ndani ya vidoa mna bakteria. Vikaitwa vinundu vya majani, na kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, kwa miongo mingi, wataalamu waliamini kwamba navyo vinakamata naitrojeni. Hoja ilikuwa rahisi: vinundu, bakteria, mmea, kama maharage. Majaribio yaliyofuata yakashindwa kuthibitisha, na katika miaka ya karibuni bakteria hao waliposomwa vinasaba vyote, ikaonekana hawana jeni za kazi hiyo. Kinachoonekana ni kwamba wanatengeneza sumu. Bakteria wa Psychotria kirkii hutoa kemikali inayoua wadudu, ikapewa jina kirkamide kutokana na mmea huo. Yaelekea kinundu cha jani kinasaidia ulinzi, hakihusiki na chakula. Jina ndilo lililokuja na maelezo yake mfukoni, na watu waliosoma sana wakayapokea.

Mwambani: jiwe ndani ya jiwe

Kwa mjiolojia hakuna anayeugua wala anayelishwa. Kinundu ni donge la madini lililomo ndani ya mwamba au mashapo ambalo halifanani na mwenyeji wake. Wajiolojia hulitenganisha na donge jingine, waliitalo kwa Kiingereza concretion: lile lililotokana na madini kujaza nafasi kati ya chembe za mchanga au tope na kuzigandisha pamoja. Hilo bado limebeba chembe za mwamba uleule. Kinundu kwa maana kamili ni kitu kingine kilichochukua nafasi. Nje ya madarasa tofauti hiyo hulegea, na hata kwenye vitabu kuna wanaoyachanganya.

Mfano maarufu Ulaya ni vinundu vya gumegume ndani ya miamba ya chaki ya kusini mwa Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa. Silika iliyokuwa kwenye miili ya sifongo wa bahari ya kale iliyeyuka, ikasafiri ndani ya tope la chokaa, ikaganda tena mahali pengine ikiwa mawe meusi magumu kupindukia.

Afrika Mashariki ina hadithi yake, na kwangu ni nzuri kuliko ile. Olduvai, Ngorongoro, palikuwa na ziwa lenye magadi. Humo vilifanyika vinundu vya mawe ya jamii ya gumegume, vyenye maumbo ya ajabu, na maji ya ziwa yalipopungua vikawa wazi. Zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita viumbe wa ukoo wetu walivigundua, wakawa wanavivunja kupata makali. Mahali pamoja waliacha mabaki mengi kiasi kwamba watafiti walipaita kiwanda. Kwa muda mrefu haikueleweka vizuri jinsi ziwa la magadi linavyoweza kuzaa jiwe la namna hiyo. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mapya kutoka Ziwa Magadi, Kenya, yenye silika na sodiamu, laini, meupe. Yakaitwa magadiaiti. Yakipoteza sodiamu na maji yake hugeuka jiwe gumu la silika. Ziwa Magadi likawa ufunguo wa kusomea mawe ya namna hiyo sehemu nyingine za dunia.

Mwaka huohuo, kaskazini mashariki mwa Tanzania, mjiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, alivunja madonge aliyoyaokota kwenye miamba yenye madini ya kinywe na kukuta ndani yake ganeti ya kijani kibichi. Baadaye akaifuata miamba hiyo kuvuka mpaka hadi Taita, na mwaka 1974 kito hicho kikaitwa tsavoraiti kwa jina la Tsavo. Kwenye mwamba wake, tsavoraiti hukaa mara nyingi katika vinundu vya sentimita chache. Ganda la nje limechakaa, halina mvuto; kijani kiko ndani, na mara nyingi kimejaa nyufa. Mchimbaji wa huko akisema amepata kinundu hana maana ya daktari wala ya bwana shamba. Ana maana ya ada ya shule.

Chini ya bahari: neno linapoingia kwenye sheria

Meli ya Uingereza HMS Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia Desemba 1872 hadi 1876 ikivua kila kilichokuwa chini. Nyavu zake zilileta mawe meusi ya mviringo, mazito, yaliyojaa manganizi na chuma. Yalipopasuliwa yalionekana yamejengwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na katikati pana kitu kidogo cha kuanzia: kipande cha mwamba, gamba, au jino la papa. Madini yaliyomo majini na kwenye tope hujipaka juu ya kitu hicho kwa kasi ya milimita chache katika kila miaka milioni 1. Kinundu cha upana wa sentimita 5 kilianza kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo duniani. Pafuni, miaka 2 bila mabadiliko humtosha daktari. Kwenye mzizi wa maharage kinundu huzaliwa, hufanya kazi na kufa ndani ya msimu mmoja.

Ndani yake kuna pia nikeli, shaba na kobalti, vitu vinavyotakiwa na viwanda vya betri. Eneo lililotafitiwa sana liko Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico, ambako tani zake zinakadiriwa kufikia bilioni 21. India ina eneo lake la utafiti katikati ya Bahari ya Hindi.

Wanabiolojia wanaoshuka huko wanakitazama kitu hichohicho na kuona makazi. Sakafu ya bahari kwa mamia ya kilomita ni tope laini, na sifongo, matumbawe ya maji marefu na viumbe wengine wanaohitaji kitu kigumu cha kushikilia hawana kingine isipokuwa vinundu. Alama za mashine iliyojaribiwa mwaka 1979 zilikutwa bado zipo zaidi ya miaka 40 baadaye. Kinachochimbwa hakirudi, kwa maana yoyote inayomhusu binadamu. Kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kudai mwendo wa polepole sana.

Vinundu hivyo ndivyo vilivyosukuma sheria ya bahari ibadilike. Mwaka 1967 Arvid Pardo, balozi wa Malta Umoja wa Mataifa, alivitaja alipoiomba dunia itangaze sakafu ya bahari kuu kuwa urithi wa wanadamu wote, nchi maskini zikiwamo. Mkataba wa mwaka 1982 ukalikubali wazo hilo. Tume ya kuandaa mamlaka ya kusimamia sakafu hiyo iliongozwa kwanza na Mtanzania, Joseph Warioba, kuanzia 1983, kabla na hata baada ya kuwa Waziri Mkuu. Mamlaka yenyewe ilianza mwaka 1994, Kingston, Jamaika.

Mamlaka hiyo haikuweza kuacha maana ya neno ielee. Ilitunga kanuni za kutafiti vinundu mwaka 2000, kisha kanuni tofauti za madini ya salfaidi mwaka 2010, na nyingine za maganda ya kobalti mwaka 2012. Ganda linaweza kuwa na manganizi na kobalti kama kinundu, lakini limegandamana na mwamba wa milima ya chini ya bahari, ilhali kinundu kimelala juu ya tope bila kushikwa na kitu. Tofauti hiyo inaamua ukubwa wa eneo. Mwenye mkataba wa vinundu hupewa hadi kilomita za mraba 75,000 kwa sababu vimetawanyika kwenye tambarare pana. Wa salfaidi hupewa 10,000. Wa maganda 3,000. Mwenye mkataba wa kimoja hana ruhusa ya kutafiti kingine, hata kikiwa kando ya eneo lake.